DS Lite na PSP: mahasimu wa 2004 kwa mnunuzi wa leo

Kwa hesabu ya mauzo, mjadala ulikwisha zamani. Nintendo iliuza vifaa vyake vya gemu vya mkononi vya DS milioni 154.02 ukijumlisha ukoo wote: DS ya kwanza, Lite, DSi na DSi XL. Sony iliuza PSP, mpinzani wake, zipatazo milioni 80. Ni karibu mbili kwa moja. Lakini anayesimama leo mbele ya kabati la duka la vitu vilivyotumika, DS Lite huku na PSP-3000 kule, hanunui takwimu. Ananunua plastiki yenye zaidi ya miaka 15, betri iliyochoka na vitufe vilivyobonyezwa na mtoto wa mtu. Yeye ndiye tunayemwandikia.

Mwenye haraka aondoke na jibu hili: chukua DS Lite. Aliyeshindwa sokoni amekwisha kuhamia kwenye simu yako, ilhali aliyeshinda hahamishiki. Mwenye nafasi aendelee, maana DS Lite mbovu ni hasara kubwa kuliko PSP nzima, na tofauti yake huonekana kwa dakika tano za ukaguzi.

Ilikuwaje mnyonge akauza zaidi

DS iliingia sokoni Marekani 21 Novemba 2004 kwa dola 149.99, kisha Japani 2 Desemba. PSP ikatoka Japani siku kumi baadaye, 12 Desemba, kwa yeni 19,800 kabla ya kodi. Wamarekani waliipata 24 Machi 2005 kwa dola 249.99, na Ulaya ikasubiri hadi 1 Septemba. Kwa bei ya PSP moja Marekani, mtu alichukua DS na kubakiwa na dola mia ya kununulia gemu mbili au tatu.

Kwenye karatasi ya sifa, DS ilikuwa imepigwa kabla ya kengele. PSP ilikuwa na kioo kipana cha inchi 4.3 chenye pikseli 480 kwa 272, prosesa inayofika megahezi 333, memori ya MB 32 na diski ya UMD inayobeba hadi GB 1.8. DS ilikuja na vioo viwili vya inchi 3, kila kimoja pikseli 256 kwa 192, prosesa kuu ya megahezi 67, ndogo ya 33, na memori ya MB 4 tu. Ken Kutaragi wa Sony alikuwa ameinadi PSP kama Walkman ya karne ya 21: gemu, muziki, picha na filamu kwenye kifaa kimoja cheusi kinachong'aa.

Kosa halikuwa kwenye mashine. Sony ilimlenga mtu ambaye tayari alikuwa na PlayStation 2 sebuleni, na gemu nyingi kubwa za PSP zilikuwa ndugu wa damu wa zile za sebuleni. Mtu huyo alipenda, akanunua, lakini idadi yake ina kikomo. Nintendo wakaenda kwa watu ambao hawajawahi kushika gemu. Nintendogs ya 2005, ambayo kazi yake ni kulea mbwa kwa kumpapasa na kumwita jina, iliuza karibu nakala milioni 24. Mazoezi ya ubongo ya Dkt. Ryuta Kawashima, ambayo unashika DS wima kama kitabu na kuandika majibu ya hesabu kwa kalamu, yaliuza nakala milioni 19, nyingi kwa watu wazima ambao watoto wao ndio waliokuwa wakicheza gemu. New Super Mario Bros. ikapita milioni 30. Ilipotoka DS Lite, Machi 2006 Japani na Juni Marekani kwa dola 129.99, ikiwa nyembamba na yenye vioo ving'avu zaidi, mchezo ulikuwa umeisha. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009 pekee, Nintendo walisafirisha DS milioni 31.18.

Isisemwe kwamba PSP ilianguka. Game Gear ya Sega, iliyokula betri sita kwa saa tatu hadi tano, iliishia kwenye milioni 10 na kidogo, na hakuna mpinzani mwingine wa Nintendo kwenye vifaa vya mkononi aliyefika karibu na milioni 80. Huko Japani, gemu ya Monster Hunter iliifanya PSP kuwa kifaa cha kukutana: watu wanne wanakaa pamoja, kila mmoja na yake, wanamwinda mnyama mmoja. Kilichoididimiza ni UMD. Studio za filamu zilianza kuziacha diski hizo mapema, na nakala za bure kwenye memori kadi zikauza mashine bila kuuza gemu. DS nayo iliibiwa sana kwa kadi za kunakilia, ila iliuza mno kiasi cha kulibeba jeraha.

PSP unayo tayari mfukoni

Hapa ndipo mauzo ya zamani yanapoacha kusaidia. Tangu 2012 kuna PPSSPP, programu iliyoanzishwa na Henrik Rydgård, inayoigiza PSP kwenye simu na kompyuta. Ni ya bure, na simu ya kawaida ya Android inaimudu. Vijana wengi wa Dar, Mombasa na Kampala wanaijua PES, gemu ya mpira wa miguu, ya PSP vizuri ingawa hawajawahi kuishika PSP yenyewe. Mashabiki wanaendelea kutengeneza viraka vya vikosi vipya miaka mingi baada ya PES 2014, ya mwisho kutolewa rasmi kwa PSP.

Na simu inaipita mashine halisi. PSP huchora picha kwa pikseli 480 kwa 272. PPSSPP ikiwekwa mara mbili inachora 960 kwa 544, na jezi zinasomeka. Gemu ikikwama, rudisha ukubwa wa picha kwenye mara moja, kisha badilisha njia ya uchoraji kutoka OpenGL kwenda Vulkan au kinyume chake, maana simu nyingine hupenda hii na nyingine ile. Kuruka fremu, yaani kuacha baadhi ya picha bila kuchorwa, kuwe dawa ya mwisho, kwa sababu mpira unaanza kuonekana ukiruka hatua. Tatizo pekee la kweli ni vidole: vitufe vya kwenye kioo havina mwili, na kwa gemu ya mpira kidole hupotea katikati ya shambulizi. Padi ya Bluetooth inamaliza hilo. Programu yenyewe ni halali. Nakala ya gemu itoe kwenye UMD yako mwenyewe.

DS nayo ina programu zake za kuigiza kwenye simu. Zinafanya kazi. Lakini vioo viwili vikipangwa kwenye kioo kimoja, kila kimoja kinabaki nusu, na kidole chako kinafunika kile unachotaka kukigusa. Kalamu ya DS ina ncha nyembamba na kioo chake husikia mgandamizo. Ndiyo maana inaandika tarakimu na kuchora mstari bila kuyumba. Katika The Legend of Zelda: Phantom Hourglass ya 2007 kuna mahali unatakiwa uhamishe alama kutoka ramani ya juu kwenda ya chini, na jibu lake ni kufunga kifaa, vioo vikagusana, kisha kukifungua. Simu haina cha kufunga. Gemu za namna hiyo zilitengenezwa kwa ajili ya umbo la kifaa, kwa hiyo kifaa bado kina haki ya kununuliwa.

Kuikagua DS Lite

Nenda dukani na kadi moja ya gemu unayojua inafanya kazi, na chaja kama unayo. Anza bila kuwasha. Tazama skrubu za mgongoni. Baadhi zina kichwa cha pembe tatu, si cha nyota. Zikiwa zimeliwa, mtu ameshaingia humo na bisibisi isiyo yake, na hujui alitoka na nini. Kifuniko cha betri kina skrubu moja ya nyota. Kifungue: betri ya Lite ni ya mAh 1000 na haitakiwi kuwa na tumbo.

Sasa bawaba. Hapa ndipo DS Lite nyingi hufia. Fungua kifuniko hadi kikae mahali pake kwa mlio mdogo, kisha tazama bawaba ya kulia, upande wa taa. Plastiki ya hapo ni nyembamba na ufa huanzia hapo, mara nyingi bila kuangushwa, kwa kufunguliwa na kufungwa tu kwa miaka. Ufa peke yake si msiba. Makasha ya badala yapo tele sokoni kwa sababu mashine yenyewe iliuzwa tele. Msiba ni kinachofuata. Bawaba ikishalegea, waya bapa unaopeleka picha kwenye kioo cha juu huanza kujikunja pasipo pake, ukachanika kidogo kidogo. Kwa hiyo washa, kisha sogeza kifuniko mbele na nyuma taratibu macho yakiwa kwenye kioo cha juu. Mistari, rangi inayobadilika au weupe wa ghafla maana yake waya unakwenda. Kuubadilisha kunataka kufungua kifaa chote na kuupitisha waya mpya ukiwa umeviringwa ndani ya bawaba, na fundi asiyewahi kuifanya kazi hiyo ataukata huo mpya pia.

Ukisukuma swichi, taa ya kijani ikawaka kidogo na kuzimika, pengine na mlio mfupi kwenye spika, muuzaji atasema ni chaji. Huenda. Lakini DS hujizima yenyewe pale isipokiona kioo kimojawapo, na dalili huwa ndiyo hiyo hiyo. Chomeka chaja na ujaribu tena. Ikiendelea kuzimika, irudishe kabatini.

Taa ya chungwa nayo iwake na itulie mara tu unapochomeka chaja. Isipowaka, mfuatano ni chaja, betri, fyuzi. Kwenye ubao kuna fyuzi mbili ndogo zilizoandikwa F1, ya njia ya chaji, na F2, ya njia ya betri. Fundi atoe betri, aweke multimita kwenye mlio, aguse ncha mbili za fyuzi: ikiwa kimya, imekatika. Huungua hasa kwa chaja isiyo sahihi au kwa kubadilisha vioo huku betri ikiwa ndani. Wapo wanaoziba pengo la fyuzi kwa risasi ya kulehemu. Kifaa kitawaka, lakini hitilafu inayofuata itakwenda moja kwa moja kwenye ubao. Fyuzi mpya ni kitu cha bei ndogo, dai iwekwe.

Kioo cha kugusa kipime kwa PictoChat, ile programu ya kuandikiana iliyomo ndani ya kila DS. Ingia chumba chochote, chora mstari kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, ukikatiza. Mstari usikatike wala usiruke. Ukitokea pembeni ya ncha ya kalamu, nenda kwenye mipangilio ufanye upya vipimo vya kioo kwa kugusa alama zinazotokea. Ukijichora wenyewe bila kuguswa, mara nyingi ni chembe za mchanga zilizonasa kati ya fremu na ukingo wa kioo. Pitisha ukingo wa karatasi ngumu pande zote nne zitoke. Isipopona, tabaka la kugusa linabandikwa juu ya kioo na hubadilishwa peke yake, kwa hiyo usikubali kulipia kioo kizima.

Vitufe vya L na R ndivyo ugonjwa wa pili wa Lite. Chini ya kila kimoja kuna swichi ndogo sana inayoshika vumbi. Mario Kart DS ni kipimo kizuri: R inaruka na kuteleza kwenye kona, L inarusha silaha. Kitufe kinachoitika mara moja kati ya tatu kinaweza kuamshwa kwa upepo mkali kwenye mwanya wake au tone la dawa ya kusafishia viungio vya umeme. Kisichoitika kabisa kinataka swichi mpya na mkono unaojua kulehemu vitu vidogo.

Kadi isiposomeka, tazama viunganishi vyake 17 vya rangi ya dhahabu. Pamba ya masikioni na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, futa, subiri ikauke. Kupuliza kwa mdomo, desturi ya wengi wetu, kunaacha unyevu unaokula chuma pole pole. Tundu la chini ni la kadi za Game Boy Advance, kifaa cha Nintendo kilichotangulia DS, na hii ni faida ya DS ya kwanza na Lite pekee, DSi iliondoa. Kwenye Lite kadi hiyo inachomoza nje kidogo, si kwamba haijaingia vizuri.

Kadi bandia ni nyingi, hasa za Pokémon, na hili nalo ni zao la mauzo: kinachotafutwa sana ndicho kinachoghushiwa. HeartGold, SoulSilver, Black na White zilikuwa na kihisi cha infraredi ndani ya kadi, kwa hiyo kadi halisi ni ya plastiki nyeusi inayopenyeza mwanga kidogo ukiielekeza kwenye taa. Ukikuta moja ya hizo ni ya kijivu kama kadi za kawaida, ni bandia. Itacheza, mpaka siku utakapokuta saa zako arobaini za mchezo zimefutika.

Kuhusu kucheza na wenzako: seva rasmi za mtandaoni zilifungwa 20 Mei 2014, na gemu za DS hata hivyo hazielewi usalama wa WPA2 wa ruta za leo. Mawimbi ya karibu, ya DS kwa DS, hayajaguswa. Kadi moja ya Mario Kart DS inaweza kuchezesha watu wanane, DS nane, saba zikipakua gemu kutoka kwa mwenye kadi kwa Download Play. Wasio na kadi wote hupewa mhusika mmoja, Shy Guy, kwa rangi tofauti. Kwa nyumba yenye watoto wengi, hakuna kifaa cha enzi ile kinachoshinda hapo kwa gharama.

Nintendo walitangaza saa 15 hadi 19 kwa mwanga wa chini kabisa na 5 hadi 8 kwa mwanga wa juu, betri ikiwa mpya. Mwanga una ngazi nne. Ya pili inatosha ndani ya nyumba.

Kama moyo uko kwa PSP

Wapo wanaotaka kushika kitu halisi, na PSP ni nzuri kuishika kuliko DS yoyote. Soma namba ya mgongoni kwanza. PSP-1000 ina uzito wa gramu 280 na betri ya mAh 1800. 2000 na 3000 zina gramu 189 na betri ya mAh 1200, pamoja na memori maradufu, MB 64. Tarakimu ya mwisho ni eneo la mauzo, kwa mfano 3001 ni ya Amerika Kaskazini na 3004 ya Ulaya. Gemu za UMD hazifungwi kwa eneo, filamu zinafungwa. Ya Kijapani lugha yake hubadilishwa kuwa Kiingereza kwenye mipangilio, ila kitufe cha duara ndicho kinachokubali na X inarudisha nyuma. PSP Go haina tundu la UMD. E1000, ile ya bei rahisi ya 2011, haina Wi-Fi na ina spika moja: iache.

Kati ya 2000 na 3000, kioo ndicho kinachoamua. Cha 2000 kina mkia: mpira ukipigwa kwa kasi unaacha kivuli nyuma yake. Cha 3000 ni chepesi kuitika, rangi zake zimekolea na juani kinasomeka vizuri zaidi, lakini ukitazama kwa makini wakati picha inakimbia utaona vistari vyembamba vya mlalo. Ndivyo kilivyotengenezwa, si ubovu, na huzoeleka. Vioo vya 1000, 2000 na 3000 haviingiliani, kwa hiyo unapoagiza spea taja namba nzima.

Betri zake huvimba mno. Itoe, iweke juu ya kioo cha kaunta na uizungushe: ikizunguka kama pia, ina tumbo, na usiirudishe ndani. Mashine inaweza kuwashwa kwa chaja bila betri, kwa hiyo hali hiyo isiwe sababu ya muuzaji kukuzuia kupima. Mahali pa betri kuna kibandiko cha waranti kinachofunika skrubu. Kikiwa kimechanwa, uliza nani aliingia na kwa nini.

Weka UMD na usikilize. Mlio wa kuzunguka na mikwaruzo midogo wakati wa kutafuta ni kawaida. Kuanza na kuacha, kuanza na kuacha, ni lenzi chafu au iliyochoka; pamba na spiriti, kwa upole, huokoa nyingi. Kagua na diski zenyewe: ganda la UMD limebanwa kutoka vipande viwili, na dirisha la plastiki huachia pembeni. Hubandikwa kwa gundi kidogo sana kwenye ukingo, diski ikiwa haijaguswa.

Kijiti cha analogi kipimwe ndani ya gemu. Kiachie katikati: mchezaji akiendelea kutembea, viungio vyake vimechafuka. Kwenye 1000 vinaunganishwa na ubao kwa mpira mweusi unaopitisha umeme, na kuusafisha mara nyingi kunatosha. Kwenye 2000 na 3000 hubadilishwa kipande kizima.

Kadi asili ni Memory Stick PRO Duo, na bandia zake ni nyingi. Njia ya busara ni adapta inayobeba microSD. GB 32 inatosha. Iformati ndani ya PSP yenyewe, si kwenye kompyuta, kisha thibitisha kwamba imetengeneza folda ya PSP. Hapo ndani, kwenye SAVEDATA, ndipo michezo yako huhifadhiwa, na unaweza kuinakili kwenye kompyuta wakati wowote, jambo ambalo DS haikuruhusu. Wi-Fi yake ni ya kizamani, 802.11b bila WPA2, kwa hiyo usihesabu intaneti. Ikigoma hata kuiona PSP ya jirani, tazama swichi ya Wi-Fi: iko ubavuni kushoto kwenye 1000, na juu kwenye 2000 na 3000, na huzimika kwa kuguswa tu mfukoni.

Chaja, kabla hujachomeka ukutani

Vifaa vingi vya namna hii vinavyouzwa Afrika Mashariki vimetoka nje vikiwa na chaja zake, na hapa PSP inashinda waziwazi. Chaja yake halisi inapokea volti 100 hadi 240. Chaja halisi ya DS Lite ya Marekani imeandikwa volti 120 tu, ya Japani 100. Kwenye soketi ya volti 230 au 240 inaungua mara moja, na inaweza kuondoka na fyuzi ya F1. Soma maandishi madogo ya chaja kabla ya kulipa.

Suluhisho rahisi ni waya wa USB. Wa DS Lite una kichwa chake cha pekee: cha DS ya kwanza hakiingii, na cha DSi na 3DS, ambacho hivyo viwili vinachangia, hakiingii pia. PSP inatumia pini ya duara ya milimita 4.0 kwa 1.7, volti 5, na 2000 na 3000 hukubali pia kuchajiwa kwa waya wa mini-USB ukiruhusu kwenye mipangilio. PSP-1000 haikubali mini-USB kwa chaji hata ubembeleze.

Vipi kuhusu 3DS?

Ndiyo mrithi wa DS, inasoma kadi zake, na kama bei imekaribiana ifikirie. Nintendo wenyewe waliingia nayo mtego wa Sony mwaka 2011: dola 249.99, watu wakakaa mbali, na Agosti mwaka huo huo ikashushwa hadi 169.99. Baada ya hapo ikafika karibu milioni 76, huku PS Vita, mrithi wa PSP, ikizama na memori kadi zake za ghali zisizoingiliana na kitu kingine. Ila 3DS huvuta picha za DS zijaze kioo na zikawa na ukungu; shikilia START au SELECT unapofungua gemu zitoke kwa ukubwa wake halisi, ndogo lakini kali. Tundu la Game Boy Advance haina.

Chochote utakachochukua, kikikaa bila kutumika zaidi ya mwezi, kiache na chaji ya nusu hivi, si tupu wala si kamili. PSP itoe betri kabisa. DS Lite ifungue ile skrubu moja ya nyota ufanye vivyo hivyo.